Sekunde Kumi na Moja

Mwalimu Kadzo alituanzisha na kimya.
"Kabla hujarekodi mtu," akasema, "rekodi chumba.
Dakika nzima. Asitikisike mtu."
Tukazima feni, jasho likatushuka,
tukabana pumzi sote tisa
juu ya duka la magodoro, Makadara.

Tulipoisikiliza ile dakika
hapakuwa na kimya:
friji ya duka la chini ikiguna,
tuktuk ikibishana na mkokoteni,
mtoto wa jirani akirudia alifu kwa kilio,
na tumbo la Umazi, aliyetoka kwao bila chai.
Tulicheka. Tukarudia, tukaharibu, tukarudia.
Mara ya nne ndipo nilipotambua
nimeishi mji huu miaka kumi na tisa
na sijausikia.

Kisha tukafundishwa kukata.
Kompyuta mbili, mikono kumi na minane,
kipanya kimoja chenye kifungo kilicholegea.
Shekue akawa fundi kwa siku tatu:
neno likisitasita, kata. Kikohozi, kata.
"Yaani," "sasa," "wajua," kata, kata, kata.
Ukikosea, vidole viwili vyatosha: tendua,
na jambo hurudi lilivyokuwa.
Tumelelewa tukiambiwa maji yakimwagika hayazoleki.
Sisi tuliyazoa.
Tukayamwaga tena, kwa raha zetu.

Mimi nilimchagua mamangu.
Auza viazi vya karai pale Kuze, baraza ya tatu.
"Uso wangu hutoi," akasema. "Mikono, haya."
Basi ni mikono: unga wa manjano hadi vifundoni,
pete iliyomkaza haivuliki tena,
kijiko cha matundu kikigonga ukingo wa karai.
Nikamuuliza bei ya mafuta, akanena dakika sita.
Nikamuuliza ukwaju wake auchanganya na nini,
akaniambia niondoe upuzi wangu mbele ya wateja.
Nikamuuliza, "Baba alikuwa mtu wa vipi?"
Akageuza viazi.

Sekunde kumi na moja. Nimezihesabu kwenye skrini:
hakuna neno, ni mafuta tu,
vijiwimbi vidogo vidogo vimefuatana
kama mshono wa mkono.
Halafu: "Alipenda vya pembeni. Vilivyoungua kidogo."

"Hapa pamelala," Shekue akasema. "Watu watainuka."
Nikakata.
Swali likagusana na jibu,
na mama akawa mwanamke mwepesi,
mwenye majibu tayari kwenye pindo la leso,
mwanamke nisiyemjua.
Tuliirudia mara mbili. Umazi akavua vile vya masikioni
akaviweka mezani, taratibu, hakunitazama.

Vidole viwili.
Zikarudi zote kumi na moja.
Hapo ndipo ilipofikia nguvu ya ile mashine:
kimya cha mama iliweza kunirudishia,
aliyekileta, la.

Jumamosi tukaonyesha.
Shuka la kina Umazi ukutani, halikupigwa pasi,
kwa hivyo mikono ya mama ilikuwa na makunyanzi
ambayo haina. Au bado haijayapata.
Yeye mwenyewe alikaa safu ya mwisho, kikapu mapajani,
kama mtu aliyepita tu kuuliza njia.
Swali likaulizwa. Viazi vikageuzwa.
Moja, mbili, tatu, nikawa nahesabu kwa vidole vya miguu,
ndani ya viatu.
Hakuinuka mtu.
Kwenye ya nane, nyuma, kuna aliyekohoa.
Huyo hatukuweza kumkata.

Wakapiga makofi. Shekue akanikonyeza, akaangalia chini.
Mama akanunua maji ya shilingi ishirini,
akayanywa nusu, akanipa nusu, tukaenda zetu.

"Mafuta yalikuwa moto mno siku ile," akasema njiani.

Tukavuka barabara.

"Kile kiazi cha pembeni kiliungua.
Nani alikila?"

Nikamwambia ni mimi.